Kidonge Kilicholala Kati Yetu

Ilikuwa sendofu ya binamu yangu, Sinza, Jumamosi moja ya Juni 2022, na MC ndiyo kwanza alikuwa anaita meza za mbele zikachukue chakula. Mume wangu, ambaye humu nitamwita Baba K kwa sababu amenikubalia niandike yote isipokuwa jina lake, alininong'oneza kwamba tumbo linamvuruga. Akasimama, akafunga kifungo cha koti kama anavyofanya siku zote, akaanza kuelekea mlangoni. Hakufika. Alitapika pale pale, juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya bibi harusi mtarajiwa, na kwa sekunde chache hakuna aliyeelewa kwamba kilichotoka ni damu, maana ilikuwa nyekundu juu ya nyekundu.

"Jamani, vinywaji bado vipo vingi, tusivimalize mapema!" MC akatania. Ukumbi mzima ukacheka.

Mpenzi msomaji, mume wangu ni Msabato aliyenyooka. Tangu nimfahamu sijawahi kuona bia mkononi mwake. Mezani kwake palikuwa na soda ya tangawizi iliyofika nusu. Lakini nikiwa nimepiga magoti kwenye ile damu na gauni langu jipya, nilimsikia kwa masikio yangu shangazi yangu mmoja akisema, "Kumbe naye anapiga mtungi." Neno hilo lilitufuata mpaka hospitali.

Tulifika saa nne usiku. Mimi nilidhani watamkimbiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Wao wakamchoma sindano mbili nene mikononi za kupitishia maji, wakachukua damu ya kupima, na daktari kijana wa zamu akaniuliza, "Anakunywa pombe kwa muda gani sasa?"

"Hanywi."

"Dada, hapa hatumhukumu mtu. Tunataka kumsaidia."

"Hanywi, daktari."

Akanitazama kwa yale macho ya huyu naye anamfichia mumewe. Sikumlaumu sana. Pombe kweli inasinyaza ini, na homa ya ini aina ya B vilevile, na wagonjwa wengi wanaotapika damu namna ile wana ini lililosinyaa kwa mojawapo ya hayo. Ila nisikufiche, usiku ule nilitamani kumzaba kibao.

Aliyetuokoa na swali hilo ni daktari bingwa, mama mmoja wa makamo aliyekuja amevaa kandambili kama mtu aliyetolewa kitandani. Alimpapasa Baba K upande wa kushoto chini ya mbavu, akasimama mkono. Pale pana chale ndogo ndogo, mistari mitatu, ambazo mimi nilizizoea tangu fungate na sikuwahi kuziuliza.

"Hizi za nini, baba?"

"Bandama. Bibi alinichanja nikiwa darasa la pili."

"Mwenyeji wa wapi?"

"Ukerewe."

"Ulikuwa unaoga ziwani?"

Baba K, pale alipo, midomo imekauka damu, alicheka. Mtu wa Ukerewe unamuuliza kama alioga ziwani! Alioga, alifua, alivua, aliogelea, alichota maji, na mashuleni wakati ule nani alikuwa anajali. Daktari akatikisa kichwa, akamgeukia yule kijana, akamwambia aanze dawa mbili mara moja, asisubiri asubuhi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata mimi ninayejidai kusoma kila kitu sikuwa najua lolote. Damu yote inayotoka tumboni na kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Inapitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mmoja mkubwa. Ini likiwa na makovu, damu inakosa njia. Daktari alinieleza kwa lugha ya mjini: "Barabara ya Morogoro ikifungwa, magari yanafanyaje? Yanaingia vichochoroni. Sasa vichochoro vya damu ni vile vimishipa vya kwenye umio, njia ya chakula. Havikujengwa kwa ajili ya malori. Vinavimba, vinavimba, siku moja kimoja kinapasuka." Presha ya kawaida ya mshipa ule ni ndogo sana, haimsumbui mtu. Tofauti ya presha kabla na baada ya ini ikifika 10 mishipa inaanza kuvimba, ikivuka 12 inaweza kupasuka. Na hii si presha inayopimwa mkononi. Ya mkononi inaweza kuwa safi kabisa, kama ya Baba K.

Dawa ya kwanza iliitwa oktriotaidi. Hiyo inabana mishipa ya tumboni ili damu inayokwenda kwenye ini ipungue, yaani wanapunguza malori tangu yanapotoka. Zipo ndugu zake, kama terlipresini, zinazofanya kazi inayofanana. Ikaanza kwa sindano, halafu ikaendelea kuingia polepole kwa mashine ndogo usiku na mchana. Bahati mbaya usiku ule duka la dawa la hospitali lilikuwa nazo vichupa vichache tu, hivyo shemeji yangu akapanda bodaboda, akazunguka mji na karatasi mkononi mpaka saa nane usiku ndipo alipozipata. Dawa ya pili ilinishangaza: antibayotiki, seftriaksoni. Nikauliza, antibayotiki na kutoka damu wapi na wapi? Nikaambiwa kwamba mtu wa namna hii anapotoka damu, wadudu wa kwenye utumbo hupenya kirahisi wakaingia mwilini, na maambukizi hayo ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye kutapika tena, au kuwaua kabisa. Wagonjwa wenye ini lililosinyaa wakitoka damu hivi, kati ya 100 hufariki 15 hadi 20 ndani ya wiki sita, hata kwenye nchi zenye kila kitu. Nilishukuru namba hiyo niliambiwa baadaye.

Asubuhi, kabla saa kumi na mbili hazijapita tangu tufike, akaingizwa mpira wenye kamera mdomoni. Waliikuta ile mishipa, minne, imevimba kama ile ya miguuni kwa mama mjamzito, na mmoja una alama pale ulipopasukia. Wakaifunga kwa vipira vidogo vya raba, kama unavyofunga mdomo wa mfuko. Dawa na vipira vinafanya kazi pamoja: dawa inatuliza damu ili anayefunga aone anachofunga.

Jumapili mchana ukazuka ugomvi wa damu. Baba K alifika akiwa na damu 5. Ndugu watatu walikuwa wametoa, akaongezewa mpaka 7.8, halafu sista akatangaza kwamba inatosha. Shemeji akapandwa na jazba pale wodini. "Damu tumetoa sisi wenyewe, mnaiweka mpaka lini? Mnaiuza?" Watu wakageuka. Daktari akaja, hakugomba. Akamwambia kwamba ukiujaza mwili damu haraka, unaipandisha tena ile presha ya ini, na kipira kinaweza kuruka. Hilo si wazo lake, lilipimwa Barcelona kwa wagonjwa zaidi ya 900 waliokuwa wakitoka damu tumboni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: walioongezewa damu pale tu iliposhuka chini ya 7 walipona wengi zaidi kuliko waliokuwa wakiongezewa ikishuka chini ya 9. Shemeji alinyamaza lakini hakuamini. Mpaka leo ukimgusia anasema, "Damu yangu iko wapi?"

Mama mkwe aliwasili Jumatano akitokea Nansio, na kapu la dagaa kama kawaida yake. Njia nzima alikuwa ameshaamua kwamba mwanaye amelishwa kitu, na naona hata mimi nilikuwa kwenye orodha ya washukiwa. Daktari akamketisha, akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza habari ya kichocho cha tumbo. Kwamba konokono wa ziwani wanatoa vidudu visivyoonekana, vinapenya ngozi, vinakua kuwa minyoo inayokaa ndani ya mishipa ya utumbo kwa miaka mingi, na mayai yake yanasombwa na damu mpaka kwenye ini. Kila yai linaacha kovu. Ini lenyewe linaendelea kufanya kazi, ndiyo maana Baba K hakuwahi kuwa na macho ya njano, lakini njia za damu ndani yake zinazibwa, na bandama linavimba. Yule bibi aliyechanja chale alikuwa amepatia ugonjwa ulipo, alichokosa ni dawa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Lakini mwanangu, ziwa ndilo lililowalea." Akalia, nami nikalia.

Akapewa dawa ya minyoo, prazikwanteli, kumaliza iliyobaki. Makovu ya zamani hayaondoki kwa urahisi. Na siku ya kuruhusiwa akapewa kile kidonge nilichokuja kusimulia.

Propranololi. Ukisikia jina unadhani ni kitu kipya cha gharama. Wapi! Ni dawa ya miaka ya sitini, iliyotokana na kazi ya Mwingereza James Black aliyekuwa akitafuta tiba ya moyo, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Haikutengenezwa kwa ajili ya ini kabisa. Ni daktari Mfaransa, Didier Lebrec, na wenzake wa Paris, waliojiuliza: kama inapunguza kasi ya moyo na kubana mishipa ya tumboni, si itapunguza na presha ya ini? Mwaka 1981 wakachapisha majaribio kwa wagonjwa 74 ambao walishawahi kutoka damu. Baada ya mwaka mmoja, waliokunywa dawa ya kweli 96 kati ya kila 100 hawakutoka damu tena; waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, nusu tu ndio walionusurika. Na kwa kichocho chetu hiki, watafiti wa Sudan walichapisha mwaka 1994 kwamba dawa hiyo hiyo ilipunguza vifo. Bei yake, nilipokwenda kuinunua dukani, ilikuwa ndogo kuliko ya vocha niliyokuwa naweka kwa wiki.

Daktari alitupa masharti. Kidonge asubuhi na jioni, dozi ipandishwe taratibu mpaka mapigo ya moyo yakiwa yametulia yafike kati ya 55 na 60 kwa dakika, presha ya juu isishuke chini ya 90. Asikiache ghafla. Asiguse diklofenaki wala aspirini hata kichwa kikimpasuka. Mwenye pumu hapewi, akauliza kama anayo, hana. Arudi kufungwa mishipa kila baada ya wiki chache mpaka iishe. Akanifundisha kuhesabu mapigo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, huku naangalia saa. "Hii kazi ni yako, mama," akaniambia. Mwezi wa kwanza nilihesabu kila usiku. Yalishuka kutoka 84 mpaka 70, mpaka 62, dozi ikapandishwa, mpaka 57. Niliandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, kando ya bei ya mchele. Halafu kazi zikanibana, tulikuwa tunafunga toleo, nikaacha kuhesabu. Nilijiambia sasa ni tabia, amezoea.

Basi bwana. Kuanzia mwezi wa nane nyumba ikabadilika. Baba K akawa mzito kuamka, anapanda ngazi kama mzee, anasema amechoka. Sawa, mgonjwa huyo. Lakini kitandani tukawa kaka na dada. Mwanzo alijaribu, ikashindikana, akaomba radhi. Mara ya pili ikashindikana hakuomba radhi. Mara ya tatu haikuwepo. Akaanza kulala na simu, anasubiri nisinzie ndipo apande. Nikimgusa, "nimechoka, mama K." Mimi mwenye shahada ya mawasiliano ya umma, ambaye kwenye kurasa hizi hizi nimehariri sijui makala ngapi za kuwaambia wanandoa waongee, nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilifikiri anaogopa kujichosha akatapika tena, na mimi pia niliogopa, nikaona nikimsogelea nitamuua.

Halafu mwezi wa kumi, hofu ikapisha wivu. Mwenzangu alichangamka ghafla. Ngazi anapanda, anapiga mluzi bafuni. Nikasema Mungu mkubwa, dawa imemkubali. Lakini bado hanisogelei. Siku moja nasafisha gari nikakuta ndani ya kidroo cha mbele kifuko cha unga wa mkuyati. Kimefunguliwa, kimetumika nusu. Wewe dada unayesoma hapa, niambie ungefikiria nini. Nyumbani hamna kitu, na mkuyati unaliwa garini! Tuliwahi kuchapisha makala ya dalili kumi za mume mwenye nyumba ndogo. Nikalitoa lile toleo kabatini, nikahesabu. Zilitimia saba.

Sikumuuliza. Nilikagua simu yake, sikuona kitu, nikaona basi huyu mwanamke ni mjanja. Miezi mitatu tuliishi hivyo, tunasalimiana vizuri mbele ya mtoto. Awamu ya tatu ya kufungwa mishipa ikaangukia kwenye safari yake ya kikazi Dodoma, ikaahirishwa, na mimi ambaye kawaida ningepiga kelele sikupiga. Nilimwacha aende, nikijua moyoni kwamba anakwenda na huyo wake.

Usiku wa tarehe 14 Januari 2023, saa tisa, niliamshwa na mlio wa ndoo. Alikuwa ameketi sakafuni chooni, ndoo ya kudekia kati ya miguu, na damu imefika robo. Aliniangalia akasema, "Samahani." Nilidhani anaomba samahani ya ndoo.

Mapokezi walikuwa wengine lakini maswali yale yale. "Dawa ya kuzuia anakunywa?" Nikajibu kwa sauti ya mke bora, "Ndiyo, kila siku, asubuhi na jioni." Nikahisi mkono wake unanivuta kanzu. Akatikisa kichwa. Akainua vidole vinne. "Miezi minne," akasema. "Niliacha."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilisimama kando wakati wanachomeka tena zile sindano, ile mashine ndogo inaanza tena kulia tiki tiki, shemeji amepigiwa simu tena atafute vichupa. Kichwani nilikuwa nahesabu. Miezi minne. Ule mluzi wa bafuni ulikuwa mluzi wa mtu aliyeacha dawa. Kama ningeweka vidole viwili kwenye mkono wake usiku wowote ule, ningekuta 80, nami ningejua. Badala yake nilikuwa natafuta majina ya wanawake kwenye simu.

Siku ya tatu, alipoweza kukaa, aliniambia yote huku anaangalia dirishani. Kwamba aliona mwili wake haumtii. Kwamba alisoma ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa, maandishi madogo madogo, akakuta pameandikwa kupungukiwa nguvu za kiume. Akasema basi ndiyo hiki. Akanunua mkuyati, haukusaidia. Akaona afadhali aache dawa ili apone kwangu kwanza, halafu ataanza tena. Lakini hata alipoacha, woga ulikuwa umeshaingia, akashindwa kunisogelea. "Nilikuwa nasubiri nipone ndiyo nikwambie," akasema. Nami nikamwambia habari ya dalili kumi. Zimetimia ngapi, akauliza. Saba. Akacheka mpaka akashika tumbo, na sista akaja kututazama.

Yule daktari bingwa tulimweleza tukiwa wawili, milango imefungwa. Nilitegemea atamgombeza. Akavua miwani, akasema, "Nilijua inaweza kutokea. Sikusema." Nikamuuliza kwa nini, na nilikuwa na hasira. Akanisimulia utafiti wa Waitaliano uliochapishwa mwaka 2003, wanaume 96 wenye ugonjwa wa moyo, wote wakipewa dawa ya jamii hii, atenololi. Wasiojua wanakunywa nini, watatu kati ya 100 ndio waliopungukiwa nguvu. Walioambiwa jina la dawa na kwamba inaweza kuwaletea tatizo hilo, 31 kati ya 100. Na wale waliopungukiwa, walipopewa kidonge cha nguvu na kidonge kitupu, vyote viwili viliwarudisha karibu wote. "Nikisema, mmoja kati ya watatu anaumwa na maneno yangu," akasema. "Nisiposema, yule anayeumwa kweli ananikimbia, kama huyu. Wewe mama ni mtu wa mawasiliano, ungefanyaje?" Nilikosa jibu, na leo bado sina. Sikupendezwa kuambiwa kwamba mume wangu alikuwa na tatizo la kichwani, naye alipendezwa hata kidogo zaidi. Ila uchovu ule wa ngazi haukuwa wa kichwani, hilo daktari mwenyewe alilikubali, na mchovu hana hamu.

Akatuambia pia kwamba hawezi kuapa kwamba ni dawa tu iliyomrudisha pale, awamu ya tatu ya kufungwa ilirukwa na hilo nalo lina uzito. Mtu aliyeshatoka damu akikaa bila kinga yoyote, sita kati ya kumi hutoka tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nilipiga hesabu ya Dodoma kimya kimya, na hiyo naibeba mimi.

Akambadilishia kavediloli, ndugu wa ile dawa ambao siku hizi mabingwa wengi wanaupendelea kwa wenye ini lililosinyaa, na inanywewa mara moja tu kwa siku. Haikuwa muujiza. Presha ilishuka mpaka 88, akisimama anaona giza, siku moja akaketi chini katikati ya sokoni. Akarudishwa propranololi, lakini nusu ya dozi ya zamani, na vipira vikaendelea mpaka Mei 2023 mishipa yote ikawa imefungwa. Mkuyati ulikatazwa, pamoja na vidonge vya nguvu vya mitaani, maana vya kushusha presha vikikutana na dawa inayoshusha presha, na unga usiojulikana ukikutana na ini lenye makovu, hakuna anayejua kitakachotokea. Kama kuna haja, akasema, njooni niwaandikie mimi. Haikufika huko. Ilichukua muda, na sehemu ya muda huo siiandiki, nilimwahidi.

Naona aibu kidogo kuandika kwamba mwezi wa kwanza tuliporudi nyumbani tulipangiana: akishindwa, anasema "leo malori yamejaa," na hakuna anayegeuka ukutani. Neno la kijinga. Tunalitumia mpaka leo, hata kwa mambo mengine, mtoto anatushangaa.

Mama mkwe bado hapendi vidonge. Kila akipiga simu kutoka Nansio anauliza kama mwanaye ameshamaliza dawa, nami namwambia hapana mama, hizi hazimalizwi. Mwaka jana tulikwenda Krismasi. Baba K alisimama ufukweni na viatu, anawatazama watoto wa kaka yake wanaruka majini, akawaita watoke, wakamcheka. Akamuuliza mwalimu wao kama dawa ya kichocho imefika shuleni. Imefika, wote wamekunywa. Akavua viatu hata hivyo, akasimama kwenye mchanga mkavu.

Daftari la matumizi nimelifungua upya. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, ananipa mkono bila kuombwa, mimi naweka vidole viwili na kuangalia saa ya simu. 58. 59. 57. Jana zilikuwa 66. Nikamwangalia.

"Nimepanda ngazi sasa hivi," akasema.

"Kidonge?"

"Nimekunywa, mama K."

Tukasubiri dakika tano, nikahesabu tena.